Zungusha na mukono, mara mbili

Land Cruiser ile ililetwa garajini kwetu Kadutu, Bukavu, kwa sababu ya breki. Ilikuwa kiangazi cha 2014, na vumbi jekundu la barabara ya Walungu lilikuwa limejaa hadi ndani ya kichujio cha hewa. Shofa alitaka pedi za mbele tu, maana kesho yake alikuwa anashuka Uvira kwa njia ya milimani ya Ngomo. Mzee aliyenifundisha kazi alisoma kilometa, 71,000, akauliza:

"Mbele ya kufika kwako, hii motokari ilifanya kazi gani, ndugu?"

"Ilibebaka wagonjwa, Papa."

Mzee akanigeukia. "Fungua kifuniko cha mukanda."

Gari lilikuwa HZJ78 la mwaka 2003, lenye injini ya 1HZ: dizeli ya lita 4.2, silinda sita. Kwenye tablo kuna taa iliyoandikwa T-BELT, na inawaka kila kilometa 100,000 kumwambia mwenye gari abadili mkanda wa taimingi, ule unaozungusha kamshafti, yaani shafti inayofungua supape (vali) za injini. Shofa alikuwa anaingoja taa hiyo. Tatizo ni kwamba taa inahesabu kilometa peke yake. Gari la wagonjwa linakaa mlangoni mwa hospitali saa nzima likinguruma, mkanda unazunguka, na kilometa hazisogei hata moja. Miaka nayo haihesabiwi. Mkanda ule ulikuwa wa kiwandani, wenye miaka kumi na mmoja, na mpira unazeeka hata gari likilala. Mimi sivuki miaka saba, kilometa ziwe ngapi.

Kwenye 1HZ kazi hii haitishi. Kranki, shafti kuu ya injini, inazungusha pampu ya dizeli kwa gia. Mkanda wenyewe unatoka puli ya pampu kupanda hadi puli ya kamshafti, basi. Puli ya kranki haivuliwi, na pampu ya maji haiguswi kwa sababu inaendeshwa na mikanda ya feni. Hatukushusha hata radieta. Kifuniko kilipotoka tukaona nyufa ndogo mgongoni mwa mkanda, na upande mmoja umelowa mafuta. Sili ya mbele ya kamshafti ilikuwa inavuja. Hilo ndilo lililonitia hofu kuliko nyufa: mpira uliolowa mafuta unavimba, meno yanalainika, na siku moja yanakatika. Kwenye injini hii supape na pistoni zinapishana mahali pamoja kwa zamu. Mkanda ukikatika, supape zinagongwa na kupinda, na hapo kilasi, kichwa cha injini, lazima ishuke. Na hilo lingetokea kwenye miteremko ya Ngomo.

Shofa alinyamaza kidogo, akapiga simu kwa mwenye gari, akarudi na ruhusa. Alikwenda mwenyewe kununua mkanda na sili.

Tulizungusha kranki kwa soketi mpaka alama tatu zikakaa: ya puli ya kranki, ya puli ya pampu na ya puli ya kamshafti. Niliziongezea nukta za rangi nyeupe. Bolti mbili za tenshena, kifaa kinachokaza mkanda, zilifunguliwa kidogo kidogo kwa zamu, ili isitoke imepinda. Mkanda ulipotoka kamshafti iliruka kidogo, kwa sababu springi za supape zinaisukuma. Niliirudisha polepole kwenye alama yake. Puli yake ikavuliwa, sili mpya ikaingia, mafuta yote yakafutwa kwa kitambaa kikavu.

Tenshena ya gari hili inasukumwa na mafuta yaliyo ndani yake. Mzee aliishika kwa mikono miwili na kusukuma kipini chake kwa nguvu zake zote. Hakikusogea, na haikuwa imevuja, kwa hiyo ilikuwa nzima. Kingeingia kwa nguvu ya mkono tungeitupa. Tuliibana kwenye jiliwa taratibu sana, matundu yakakutana, tukapitisha ufunguo mwembamba wa milimita 1.5 uishikilie.

Nilivisha mkanda mpya bila kuukunja, nikafunga tenshena, nikachomoa kile kifunguo. Alama zote zilikuwa sawa. Nikapanda kwenye kiti na kushika ufunguo wa kuwashia.

"Bado, mutoto. Zungusha na mukono, mara mbili."

Mizunguko miwili ya kranki ni mmoja wa kamshafti na mmoja wa pampu, kwa hiyo alama zote lazima zirudi pamoja. Nilizungusha kuelekea kulia, nikihisi kila mgandamizo mkononi. Alama ya kranki ikarudi. Ya pampu ikarudi. Ya kamshafti ilibaki nyuma kwa jino moja.

Mzee hakupaza sauti. Alinionyesha kwa kidole upande ambao pampu inavuta kamshafti. Pale nilikuwa nimeacha ulegevu kidogo. Mkanda ukiwa umesimama hauonekani, lakini ukianza kuvuta, ulegevu ule unaliwa na kamshafti inachelewa. Upande huo unatakiwa kukaza tangu mwanzo, na ulegevu wote uhamie upande wa tenshena, ambayo kazi yake ni kuumeza.

Tukabana tenshena upya kwenye jiliwa. Safari hii nilianza kwenye puli ya pampu, nikauvuta mkanda ukakaza hadi kamshafti, kisha nikamalizia upande wa tenshena. Mizunguko miwili, alama tatu zikarudi. Mzee akasema turudie mingine miwili. Zikarudi tena.

Ilipowaka ilinguruma laini. Pedi za breki tulizifunga jioni, kwa tochi. Mzee akafungua tablo, akahamisha skrubu ndogo nyuma ya kipima mwendo ili taa ianze kuhesabu upya, akanipa brashi ya rangi. Juu ya kifuniko niliandika tarehe na kilometa 71,000, na chini yake, kwa kuwa alisisitiza, nikaongeza mwaka wa kuufungua tena: 2021.