Kuku wa Mtoto

Mradi ulikuwa umetuletea masufuria, aproni na bango la picha za vyakula. Mimi nilikuwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii katika kijiji kimoja cha Njombe, Tanzania. Siku ya lishe kazi yangu ilikuwa kupima watoto urefu na mzunguko wa mkono, kisha kukaa pembeni afisa wa mradi akifundisha. Alifundisha vizuri, ila somo tulishalijua. Mama yeyote pale ungemwamsha usiku wa manane angekutajia nafaka, mikunde, mboga na matunda bila kukosea, na wimbo wake tulikuwa nao.

Watoto waliendelea kudumaa. Utafiti wa taifa wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Njombe ilikuwa kama nusu ya watoto wote wa umri huo, na jirani zetu Iringa walituzidi. Mtu wa mbali akisikia hivyo hudhani tuna njaa, kumbe mahindi, viazi na maharage yetu yanalisha miji. Msimu wa kupanda mama anatoka alfajiri, anarudi giza likiingia. Mtoto anabaki na bibi, na uji mweupe wa asubuhi ambao kufika saa nane umeshaganda. Mayai yanamsubiri mchuuzi wa pikipiki, maana chumvi na sabuni zinatoka humo humo. Ripoti za miradi huandika "elimu duni". Nadhani ni kwa sababu elimu ndiyo dawa rahisi kuchapisha kwenye bango.

Siku ninayoikumbuka, afisa alikuwa akikorogea yai kwenye uji wa maonyesho, bibi mmoja akamkatiza.

"Kamwene, mwanangu. Hayo mayai kanunua nani?"

"Mradi, bibi."

"Basi mradi uwe unakuja kila siku."

Watu wakaangua kicheko. Afisa naye akacheka, akaweka mwiko chini na kufunga kitabu chake cha picha. Nilimheshimu tangu pale. Akauliza, "Wiki hii mtoto wa nani amekula yai? Siulizi nani anajua faida zake. Nauliza nani kampa."

Kimya, kisha mkono mmoja ukainuka nyuma kabisa: mama wa kitongoji cha juu, ambaye hata vikoba hakuwa amejiunga kwa kukosa hisa. Wengine walidhani anatania. Akaeleza kuwa mwanawe alipozaliwa, mama mkwe alimpa mtoto mtetea, akatangaza mbele ya baba wa mtoto kwamba mayai ya kuku yule hayauzwi bila mwenyewe kuulizwa.

"Na mwenyewe hajaanza kusema," akamalizia.

Nani anapika yai, mama akiwa shambani? Mama mkwe huyo huyo. Analichemsha mchana, analiponda, analichanganya na uji. Miaka yote ile mikutano yetu ilialika wajawazito na wanaonyonyesha. Bibi waliokuja walikuja kwa hiari yao, na mara nyingi tuliwapa viti tu.

Kina baba waliokuwa wamejitenga chini ya mti wakasogea, na mkutano ukahama kutoka lishe kwenda mifugo. Kideri, ugonjwa unaofyeka kuku, kikipita, kuku wa mtoto atapona? Afisa akamwita mtaalamu wa mifugo wa kata kwa simu, akaweka spika. Akatuambia chanjo ni tone la jicho, hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kichupa kimoja kinatosha kuku wengi lakini kikifunguliwa hakikai, hivyo nyumba moja peke yake inapata hasara. Vitongoji vikaanza kuhesabiana kuku palepale, na uji wa maonyesho ukapoa bila mtu kuuonja. Sikumbuki mkutano mwingine wa lishe ambao wanaume walibaki mpaka mwisho bila kuahidiwa posho.

Nyumba kadhaa zikatenga mtetea, nyingine zikapuuza. Mwezi uliofuata bibi mmoja akamshtaki mwanawe kwa mwenyekiti wa kitongoji: kuku wa mjukuu amechinjiwa shemeji aliyekuja kutembea. Mwenyekiti akaamuru alipwe. Yule baba akaleta jogoo, bibi akamrudisha: jogoo hatagi.