Waya wa Kahawia

Kila asubuhi ya Julai 2014 nilipiga stata ya gari la baba, Toyota Mark II, mpaka betri ikaanza kuchoka. Injini ilikohoa, ikashika kidogo, ikazima. Mchana, jua la Arusha likishapasha boneti, iliwaka mara moja kana kwamba haijawahi kusumbua. Baba alikuwa anatoka na kikombe chake cha chai, anasimama mlangoni, hasemi neno. Afadhali angenigombeza, maana wazo la kubadilisha injini lilikuwa langu.

Gari lilikuwa toleo la GX90, na baba alilitunza kama mboni ya jicho. Injini yake ya awali, 1G-FE ya cc 1988, ilichemsha tukirudi kutoka Moshi na haikupona. Nikamshawishi tuweke 1JZ-GE yenye VVT-i, yaani mfumo unaobadilisha muda wa valvu kufunguka, cc 2491, iliyotoka kwenye Mark II ya kizazi kilichofuata, JZX100. Ilikuja na gia boksi yake, kontrol boksi yake (kompyuta ya injini) na furushi la nyaya lililokatwa na kufungwa kamba. Kuikalisha ilichukua siku mbili tu, gereji moja ya mtaa wa Unga Limited. Hata kubadilisha namba ya injini kwenye kadi ya gari hakukunitesa. Nyaya ndizo zilizokula wiki tatu.

Ile ya zamani ina distribyuta moja inayogawa moto kwa plagi sita. Hii haina. Ina koili tatu, kila moja inahudumia silinda mbili, na kontrol boksi ndiyo inayoamua nani apate moto na saa ngapi. Kwa hiyo soketi za gari na za injini hazijuani kabisa. Lazima ujue waya upi unakaa na moto muda wote, upi unapata moto ukifungua swichi, upi unapeleka habari kwamba stata inazunguka, na upi unaamuru pampu ya mafuta ifanye kazi. Fundi wa kwanza alikuwa anakisia. Anagusisha, akiona cheche anasokota, anapiga tepu, anaendelea. Gari lilipowaka tulishangilia gereji nzima, nami nikamlipa hela yake yote.

Baridi ilipoingia na taa ya cheki injini ikagoma kuzimika, aliniambia ni sensa ya joto la maji. Nikanunua. Nikanunua na ya pili.

Hatimaye nikaelekezwa kwa mzee mmoja wa Ngarenaro, fundi umeme wa magari wa siku nyingi. Alikuja nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, kabla injini haijaona jua, kama alivyotaka mwenyewe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, baba. Usiwashe. Fungua swichi tu."

Akafungua kile kiboksi cha kupimia kilicho chini ya boneti, akaunganisha matundu mawili yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa kipande kifupi cha waya, akaniambia nihesabu mimweko ya ile taa. Miwili, kituo, miwili. Miwili, kituo, minne. Minne, kituo, mmoja. Kisha ikaanza upya.

"Ishirini na mbili ni joto la maji. Ishirini na nne, joto la hewa. Arobaini na moja, sensa ya throto, mlango wa hewa ya injini. Watatu hawafi siku moja, baba. Hawa wana msiba mmoja."

Hata hivyo aliipima sensa ya maji kwanza, na jambo hilo nililipenda sana kwake. Aliichomoa, akaiunga kwenye mita ya kupima ukinzani wa umeme: oumu elfu tatu na ushee. Akamwomba mama maji ya moto ya chupa, akaitumbukiza kwenye kikombe cha bati. Namba zikaanza kuporomoka mbele ya macho yangu, elfu mbili, elfu moja, mia sita, zikaja kutulia karibu na mia tatu. Sensa nzima kabisa.

Akalala chali chini ya dashibodi, tochi mdomoni. Baada ya muda akanipa mkono nishike kitu. Ulikuwa waya wa kahawia, umekatwa safi kwa koleo na kufunikwa tepu nyeusi. Nyaya za kahawia zilikuwa kadhaa, na aliyetangulia aliziona zote ni hasi, akadhani moja inatosha. Kumbe huu ulikuwa tawi la E2, hasi ya sensa peke yake, ambalo sensa zote tatu zinarudia kwenye kontrol boksi. Ukiukata, kontrol boksi haipati kipimo cha kuaminika, inakitupa na kujichukulia kwamba maji yana nyuzi 80. Injini iliyoganda kwa baridi ya alfajiri ilikuwa inapewa mafuta ya injini iliyochemka. Ndiyo maana mchana haikusumbua.

Hakusokota. Alimenya ncha mbili, akazilaza pamoja, akazichoma kwa risasi mpaka ikang'aa, akavalisha mpira. Kisha akafungua viungo vingine kumi na kitu vya tepu na kuvirudia kimoja kimoja, akiniandikia kila waya kwenye daftari: rangi, unakotoka, unakokwenda. Daftari hilo ninalo hadi leo.

Kesho yake alfajiri nilipiga stata mara moja tu. Injini ikashika, ikapanda mzunguko kwa ajili ya baridi, ikashuka taratibu yenyewe. Baba akaweka kikombe juu ya ukuta, akaja dirishani.

"Zima," akasema. "Shuka."

Akaingia kwenye usukani, akafunga mlango, akaiwasha mwenyewe.