Si kila ncha kali kwenye EEG ni kifafa

Kwenye EEG, yaani rekodi ya umeme wa ubongo, spaiki (ncha kali inayoweza kuashiria kifafa) hudumu milisekunde 20 hadi 70, wimbi kali milisekunde 70 hadi 200. Usipoteze muda kubishania 65 au 75, kwani uzito wake kwa mgonjwa ni uleule. Cha kujiuliza ni kama hicho ulichokiona kimejitenga kweli na mawimbi ya msingi, au ni mawimbi yaleyale yaliyochongoka kidogo.

Anza na umbo. Spaiki ya kweli kwa kawaida haina pande zinazolingana: upande mmoja ni mkali kuliko mwingine. Mara nyingi hufuatwa na wimbi la polepole, na mawimbi ya msingi huvurugika kwa muda mfupi.

Kisha tazama imeenea wapi. Hapa ndipo wengi hukosea. Tuseme spaiki ina kilele hasi kwenye T3, elektrodi ya upande wa kushoto wa kichwa. Katika mpangilio wa jozi, ambapo kila mstari ni tofauti kati ya elektrodi mbili jirani, F7-T3 itachora kwenda chini na T3-T5 kwenda juu, ncha zikielekeana. Lakini hilo peke yake halitoshi, kwa sababu elektrodi iliyolegea nayo huchora hivyohivyo. Tazama majirani: ikiwa imetoka kwenye ubongo, Fp1-F7 na T5-O1 kwa kawaida nazo zitaonyesha alama ndogo, umeme ukififia kadiri unavyosogea mbali. Majirani wakiwa kimya kabisa, pima ukinzani wa umeme kati ya elektrodi ya T3 na ngozi. Ukizidi kilo-ohmu 5, safisha ngozi upya na uongeze jeli.

Wanaodanganya zaidi ni wiketi: mawimbi ya upinde ya 6 hadi 11 Hz juu ya tempo (upande wa kichwa, karibu na sikio), mtu akisinzia. Moja likijitokeza peke yake hufanana sana na spaiki, ila halina wimbi la polepole nyuma yake. Rudi kurasa chache uone kama umbo hilohilo limo ndani ya mfululizo. Nayo mawimbi makali ya Cz, elektrodi ya utosini, yakitokea usingizini ni ya kawaida.

Jihadhari na filta. Ukishusha filta ya juu, inayokata mawimbi ya kasi, kutoka 70 Hz hadi 15 Hz ili kuficha umeme wa misuli, umeme huo hulainika ukafanana na spaiki.

Ukibaki na shaka, usiandike spaiki kwenye ripoti. Jina hilo likishaingia kwenye faili, mtu anaweza kumeza dawa za kifafa kwa miaka bila sababu. Omba kipimo kirudiwe mgonjwa akiwa amepunguziwa usingizi usiku uliotangulia, ili alale wakati wa kurekodi. Spaiki nyingi hujitokeza hapo.