Binti wa Yairo na binti wa Jusélius

Somo: Marko 5:21–43

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Yairo alikuwa mkuu wa sinagogi. Mtu wa kupishwa njiani, mtu ambaye akisimama watu wananyamaza kumsikiliza. Lakini siku hiyo yuko chini, miguuni pa Yesu, anasihi mbele ya umati. Binti yake yu mahututi. Marko anatutajia hata umri wa mtoto: miaka 12. Cheo cha Yairo hakikumzuia kupiga magoti, maana mbele ya kitanda cha mtoto anayekufa cheo hakina kazi yoyote. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Juma hili naomba tuisome habari hiyo pamoja na ya baba mwingine, naye mtu mkubwa, ambaye hakupata alichopata Yairo. Wapo kati yetu waliosimama pale aliposimama huyu wa pili, na nimewakumbuka sana nilipokuwa nikiandika.

Fritz Arthur Jusélius alizaliwa mwaka 1855 katika mji wa Pori, magharibi mwa Ufini, karibu na mahali mto Kokemäenjoki unapoingia baharini. Ufini haikuwa nchi huru bado. Ilikuwa chini ya Urusi mpaka mwishoni mwa mwaka 1917. Utajiri wake mkubwa ulikuwa misitu. Magogo yalikatwa wakati wa baridi, theluji ikiyeyuka yakateremka na mito hadi kwenye viwanda vya kupasulia mbao, kisha meli zikazichukua mbao kwenda Uingereza na nchi nyingine za Ulaya. Jusélius alikulia ndani ya biashara hiyo ilipokuwa inapamba moto, akafanikiwa, akawa mmoja wa matajiri wakubwa wa nchi yake.

Alikuwa na binti, Sigrid. Mwaka 1898 Sigrid alifariki kwa kifua kikuu. Alikuwa na miaka 11.

Ufini ya wakati huo ilikuwa inazika watu wengi mno kwa ugonjwa huu, maskini wakitangulia kwa sababu ya vyumba vilivyobanana na chakula haba. Lakini kifua kikuu hakikuogopa mlango wa tajiri. Na hapa pana jambo la kuhuzunisha. Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, daktari Robert Koch alitangaza kwamba amekipata kijidudu kinacholeta kifua kikuu. Hiyo ilikuwa miaka michache tu kabla ya Sigrid kuzaliwa. Basi mtoto huyu aliishi siku zake zote katika dunia iliyokwisha kumjua adui yake, iliyoweza kumwona kwa darubini, na isiweze kumfanya lolote. Madaktari waliagiza hewa safi, mapumziko, maziwa, kukaa juani. Dawa ya kwanza iliyokiweza kijidudu kile, streptomaisini, iligunduliwa mwaka 1943.

Tajiri anaweza kumwita daktari yeyote. Hawezi kumwita daktari wa miaka 45 ijayo.

Ndipo Jusélius akafanya kile alichoweza kufanya: akajenga. Kati ya mwaka 1901 na 1903, katika makaburi ya Käppärä mjini Pori, alimjengea binti yake nyumba ya kaburi, jengo la mawe lenye sura ya kanisa, lililochorwa na msanifu Josef Stenbäck. Ndani yake alitaka picha ukutani, akaipa kazi hiyo mchoraji mashuhuri kuliko wote nchini, Akseli Gallen-Kallela.

Mchoraji huyu hakuhitaji kuelezwa msiba ni nini. Mwaka 1895 binti yake mdogo, Marjatta, alikufa kwa dondakoo, ugonjwa wa koo unaoziba pumzi, wakati baba yuko mbali, Berlin. Na ilikuwa Berlin hiyo hiyo ambako mwaka 1890 Emil von Behring na mwenzake kutoka Japani, Kitasato Shibasaburo, walitangaza njia ya kuishinda sumu ya dondakoo. Elimu ilikuwa katika mji alipokuwa baba; mtoto alikuwa Ufini. Kila ninapofikia hapa nashindwa kuendelea haraka. Basi baba mfiwa alimkabidhi baba mfiwa kuta, na Gallen-Kallela akazichora.

Uchoraji wenyewe ni wa namna yake. Fundi anapaka chokaa mbichi ukutani, kipande kinachotosha kwa siku moja tu, na mchoraji anatia rangi kabla hakijakauka. Chokaa ikikauka inaishika rangi, inakuwa sehemu ya ukuta wenyewe. Ukikosea, huna ufutio: unabandua kipande chote na kuanza upya. Kwa njia hiyo Gallen-Kallela aliweka pale majira ya mwaka na majira ya maisha. Kuna masika, na watu wanaojenga nyumba. Kuna vuli, yenye misalaba kando ya maji. Kuna baridi, theluji nzito imelala msituni. Na kuna mto wa Tuonela, ambao katika masimulizi ya kale ya Wafini ndio mpaka wa nchi ya wafu. Watu wamefika ukingoni, zamu yao ya kuvuka imewadia.

Picha hizo hazikudumu. Unyevu uliingia kwenye kuta na rangi zikaanza kuharibika mapema, halafu mwaka 1931 moto ukalichoma jengo na kumaliza kilichokuwa kimebaki. Gallen-Kallela alikuwa amefariki mwezi Machi mwaka huo huo. Aliyekuja kuzichora upya, akifuata michoro ya maandalizi aliyoiacha baba, ni mwanawe Jorma.

Jorma huyu si mgeni kabisa kwetu. Mwaka 1909 Gallen-Kallela aliichukua familia yake, akashuka nayo Mombasa na kwenda kuishi Nairobi mpaka mwaka 1911, akiichora nchi na watu wake. Jorma alikuwa mvulana wa miaka kumi walipofika, karibu sawa na umri ambao Sigrid alikufa nao. Mtoto aliyecheza kwenye vumbi la Nairobi ndiye aliyekuja kusimama ndani ya kaburi la mtoto mwenzake, akarudisha rangi za baba yake kwenye chokaa mbichi. Kazi hiyo aliifanya katika miaka ya 1930. Desemba 1939 vita kati ya Ufini na Urusi ya Kisovieti vilikuwa vimeanza tu, naye akauawa vitani.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu sitaki tufike mbio mahali pa kusema kaburi lile lilikuwa ubatili. Nimesikia mahubiri mengi yanayowacheka waliojenga makaburi ya fahari. Yesu hakumcheka mtu kaburini. Pale kwa Lazaro alilia, akijua kabisa atakachofanya dakika chache baadaye. Mzazi anayepanda maua juu ya udongo, anayehifadhi sare ya shule ndani ya sanduku, anayelipia jiwe kwa mkopo, tumwache. Ule upendo haujakufa pamoja na mtoto, na haujui uende wapi.

Swali langu juma hili ndilo hilo: uende wapi?

Rudini kwa Marko. Yesu amekubali kwenda kwa Yairo. Umati unasonga, kila dakika ina bei. Halafu Yesu anasimama. Mwanamke mmoja ametokwa damu miaka 12, yaani tangu mwaka aliozaliwa binti wa Yairo. Amegharimu vyote alivyokuwa navyo kwa matabibu, na hali ikazidi kuwa mbaya. Amegusa vazi, amepona, angeweza kuondoka kimya. Lakini Yesu anauliza ni nani aliyemgusa, anangoja, anamsikiliza mpaka amweleze kweli yote. Anamwita binti.

Jiweke mahali pa Yairo. Binti yake mwenyewe anakata roho, na Mwokozi yuko barabarani anasikiliza habari ndefu za binti wa mtu mwingine. Na kweli, Yesu akiwa bado anazungumza na yule mama, watu wanafika kutoka nyumbani: mtoto amekwisha kufa. Mtu angeweza kumchukia yule mwanamke maisha yake yote. Angeweza kusema, ni yeye aliyekula dakika za mwanangu. Marko haandiki neno hata moja la lawama kutoka kinywani mwa Yairo. Anaandika tu neno la Yesu kwake: "Usiogope, amini tu."

Yairo alirudishiwa mtoto. Jusélius hakurudishiwa, wala mchoraji wake, wala jirani yako aliyezika mwaka jana. Daudi pia, mfalme aliyelala chini siku saba akifunga kwa ajili ya mtoto, aliambulia kusema, "mimi nitakwenda kwake, lakini yeye hatanirudia mimi." Imani yetu haitoi ahadi kwamba kila Yairo atarudi nyumbani kumkuta binti yake anatembea. Anayetoa ahadi hiyo kwenye madhabahu, kisha akawaambia waliofiwa kwamba imani yao ilipungua, amewaongezea jeraha Mungu asilowapa.

Lakini kuna jambo Jusélius alilifanya mwishoni ambalo naliona likisimama barabarani pamoja na yule mwanamke. Alifariki mwaka 1930. Kwa wosia wake aliacha mali ya kuanzisha mfuko wenye jina la binti yake, Mfuko wa Sigrid Jusélius, kwa ajili ya utafiti wa tiba dhidi ya magonjwa yanayowatesa sana wanadamu, bila kubagua kwa lugha wala taifa. Uzito wa maneno hayo ya mwisho unaonekana ukikumbuka zama zake. Katika Ufini ile wenye kusema Kiswidi, kama yeye, na wenye kusema Kifini walivutana kweli kweli, na mwaka 1918 Wafini walikuwa wamepigana wenyewe kwa wenyewe vita vya kikatili. Mtu aliyepita katikati ya hayo angeweza kwa urahisi kuandika: wapewe wa kwetu. Mfuko huo upo hadi leo, na ni miongoni mwa wafadhili wakubwa wa binafsi wa utafiti wa tiba nchini humo.

Simfanyi mtakatifu. Wosia si wokovu, na mali ya mbao ilitoka pia kwenye migongo ya watu waliolipwa kidogo. Ninachokiona ni hiki tu: mtu ambaye kwake muujiza haukuja hakuwafungia wengine njia. Alichokosa kwa ajili ya Sigrid alitaka kipatikane kwa mtoto asiyemjua, wa nyumba asiyoijua, wa lugha asiyoisema. Alimwachia yule mama wa kwenye umati dakika zake.

Naamini hapo ndipo Bwana anawaita wengi wetu tuliozika. Si kusahau, wala kujilazimisha kushangilia. Ni kumwangalia mgonjwa wa mtu mwingine bila kumwonea wivu kwa kupona kwake. Hilo ni gumu. Mama aliyempoteza mtoto wodini, akimwona mwenzake wa kitanda cha pili anafunga mizigo kurudi nyumbani na wake, anajua ninachosema. Neema ya kumsaidia kubeba ule mzigo mpaka getini hatuwi nayo wenyewe, tunaiomba.

Na sasa nizungumze wazi. Ugonjwa uliomuua Sigrid bado unaua zaidi ya watu milioni moja duniani kila mwaka, na sisi, tofauti na baba yake, dawa tunayo. Hapa kwetu dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo katika vituo vya afya vya serikali, na kwa wagonjwa wengi matibabu ni ya miezi sita. Chanjo ya kifua kikuu mtoto huipata mara anapozaliwa; ile ya dondakoo, uliomchukua Marjatta, imo kwenye sindano za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Itazameni kadi ya kliniki ya mtoto leo jioni kabla hamjalala. Tarehe iliyorukwa iulizieni kesho.

Kama nyumbani kwenu kuna mtu anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi, anayetoka jasho usiku, anayekonda, msimwombee tu. Mwombeeni na mmpeleke akapimwe makohozi. Msiite kurogwa, msimtengee sahani kwa aibu, wala msimshauri yeyote atupe vidonge kwa kuwa amewekewa mikono. Kuna waliopata nafuu mwezi wa pili wakaacha dawa, na ugonjwa ukarudi ukiwa sugu. Wengine huziacha kwa sababu ya njaa tu.

Kwa hiyo naziomba jumuiya zetu jambo moja. Pale kwa Yairo, baada ya msichana kusimama na watu kushangaa mno, Yesu aliamuru apewe chakula. Kila jumuiya imtambue, kwa siri na kwa heshima, mgonjwa wake aliye kwenye dawa. Wawili wachaguliwe wa kumjulia hali na kumkumbusha vidonge, na wengine tupange zamu: unga, maharage, mayai, mboga, kila juma, mpaka miezi yake sita iishe. Zamu ya kwanza ianze Jumapili hii baada ya ibada, na viongozi wa jumuiya wabaki tuandikiane majina ya watakaochangia.