Kauka nikuvae: siku moja ya mama dobi

Saa kumi alfajiri. Kabla sijanawa uso napapasa sketi ya binti yangu iliyoning'inia kwenye kamba juu ya kitanda. Sigusi pindo, maana pindo hukauka mapema likakudanganya. Nagusa mkanda, pale kitambaa kinapokunjwa mara mbili, ndipo unyevu unapojificha. Mkanda mbichi. Sare yenyewe ni moja, kauka nikuvae, na jana niliifua usiku kwa sababu kutwa nzima nilikuwa nafua za wenzangu.

Mimi ni mama wa watoto 3, baba yao hayupo, na kazi yangu ni kufua nguo majumbani kwa kibarua. Naandika haya kwa sababu nimechoka kusikia watu wakisema akina mama tusio na kitu "tunakaa tu". Tunakaa wapi? Nionyesheni hicho kiti.

Mpaka saa kumi na mbili nimechota maji, nimewasha moto, nimewagawia watoto kilichobaki jana, nimesema mimi sina njaa, na sketi nimeikausha kwa kuinyoosha karibu na moto mpaka viganja vikaniwaka. Binti aliivaa ikiwa na uvuguvugu na harufu ya moshi. Hakusema kitu. Ana miaka 11 na ameshajifunza kunyamaza.

Nikapiga mguu. Nauli ipo, ila nauli ikitoka asubuhi, jioni kuna kitu hakitanunuliwa.

Saa moja na nusu, nyumba ya kwanza. Mwenyewe ni mwalimu wa chuo, mstaarabu, analipa bila kukumbushwa. Wa aina yake nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja na vinabaki. Nyeupe nazitenga na kuziloweka mwanzo, kola nazipaka sabuni ya kipande na kuziacha zinywe. Watu hudhani kufua ni nguvu. Nguvu itakuchania kola. Kola husuguliwa kwa kifundo cha kidole, kwa kufuata mshono, na povu likianza kugeuka kijivu ujue uchafu umeachia. Leo mashati 12, mashuka 4, na mataulo. Taulo likilowa huwa zito kama mtoto aliyelala. Ukiwa peke yako unalizungushia bomba, unalisokota kama kamba mpaka lilie.

Huyu mwalimu hupenda kunisimulia nikiwa nafua. Ndiye aliyeniambia kwamba mwanauchumi mmoja Mskoti, Adam Smith, aliandika mwaka 1776 kuwa shati la kitani si lazima ili mtu aishi, Wagiriki na Warumi waliishi vizuri tu bila kitani, lakini katika zama zake hata kibarua wa kutwa angeona haya kutokeza mbele za watu bila shati hilo. Niliacha kusugua nikamwangalia. Karibu miaka 250 iliyopita, mtu ambaye hakuwahi kushika beseni alikuwa ameieleza sketi ya binti yangu.

Siku nyingine akaniambia Benki ya Dunia, Juni 2025, imesogeza mstari wa umaskini uliokithiri kutoka dola 2.15 hadi dola 3 kwa mtu kwa siku. Nikamuuliza, kwa hiyo kuna watu waliolala si maskini wakaamka maskini? Akacheka sana. Mimi sikuuliza ili acheke.

Saa nne na nusu nilikuwa nimeshaanika, nimenawa, nimebadilisha nguo. Hapo ndipo siku ilipoharibikia.

Kuna barua ya kusamehewa michango ya shule, kwa wazazi wasio na uwezo. Inatolewa na ofisi moja ambayo siitaji. Mara ya kwanza nilikwenda moja kwa moja kutoka kwenye beseni, kanga imelowa magotini, na mlinzi akaniambia waombaji hukaa nje ya geti. Nikajifunza. Safari hii nilivaa blauzi yangu nzuri, ya vifungo vinavyong'aa, niliyopewa na mama mmoja ninayemfulia baada ya kumbana mabegani. Nilijitazama kwenye kioo cha gari lililoegeshwa nikajiona mtu kamili.

Ndani kuna benchi refu, akina mama tu, na watoto wanaolala huku miguu ikining'inia. Nilikaa kando ya bibi aliyekuja kwa ajili ya wajukuu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mara yako ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Aa, bado mchanga."

Saa sita dirisha likafungwa. Hakuna aliyetuambia litafunguliwa lini, na hakuna aliyethubutu kuinuka, maana ukiinuka nafasi imekwenda. Mtoto mmoja akajikojolea. Mama yake akapangusa sakafu kwa mtandio wake mwenyewe, haraka haraka, huku akimwomba radhi kila mtu, hata sisi ambao tusingethubutu kumlaumu.

Nikakumbuka utafiti tuliosomewa kwenye mkutano wa akina mama. Ulitolewa mwaka 2019 na shirika la ATD Dunia ya Nne pamoja na Chuo Kikuu cha Oxford, katika nchi 6: Bangladesh, Bolivia, Ufaransa, Marekani, Uingereza na Tanzania, na watu wanaoishi katika umaskini walikuwa watafiti humo, si wa kuhojiwa tu. Wakapata sura 9 za umaskini. Mbili zilinikaa kichwani: kutendewa vibaya na taasisi, na mchango wa mtu kutotambuliwa. Nchi 6! Mimi ningewapeleka kwenye benchi moja tu. Lakini afadhali hao walituuliza wenyewe.

Saa nane na kitu dirisha likafunguka. Zamu yangu ilipofika nilimkuta kijana wa umri wa mdogo wangu wa mwisho.

"Habari za kazi, kaka."

"Sema shida."

Nikasema. Akainua macho, yakaishia kwenye vifungo.

"Mama, mbona umependeza hivi? Barua hii ni ya watu wenye shida."

Wawili watatu nyuma yangu wakacheka. Siwalaumu, kicheko cha foleni ni cha kujipendekeza kwa dirisha. Lakini nielezeni mnaojua: ukija mchafu unakaa nje ya geti, ukija msafi huna shida. Maskini anatakiwa avae nini?

"Kazi?"

"Dobi. Nafua majumbani."

"Mwajiri?"

"Ni wengi, kaka. Jumatatu huyu, Jumanne yule."

"Barua ya mwajiri?"

Sina. Nani aniandikie? Upo Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, unaosema mfanyakazi wa nyumbani aelezwe masharti ya kazi yake, na inapowezekana iwe kwa maandishi. Mimi sijawahi kupewa karatasi hata ya ukubwa wa kiganja. Nikimwomba mwajiri barua leo, kesho ananiambia amenunua mashine.

Kijana akaandika. Nimezoea kusoma maandishi yaliyopinduka, na niliyasoma: *Hana kazi.*

"Kaka, naomba uandike nafua."

"Fomu haina nafasi ya vibarua, mama."

"Si kuna kimstari hapo?"

"Ni cha matumizi ya ofisi."

Miaka 9 ya kusugua, kukamua, kuanika na kuanua. Nimesomesha watoto kwa mikono hii mpaka hapa walipofika, na kimstari kikawa cha matumizi ya ofisi.

"Weka kidole gumba hapa."

Nikaweka. Taa nyekundu. Akaniambia nikifute, nikakifuta kwenye blauzi. Nyekundu. Gumba la kushoto, nyekundu. Shahada, cha kati, cha pete, mpaka vyote 10 vikaisha, kila kimoja kinakataliwa, na benchi zima linanitazama mgongo. Vidole vyangu vimelainika nchani kama kipande cha sabuni kilichotumika sana; ile mistari aliyonipa Mungu imebaki kwenye mabeseni ya watu. Kando ya kucha ngozi imepasuka, na pale chumvi ya jasho huuma kuliko dawa ya madoa.

"Vidole vyako vina nini, mama?"

"Vina sabuni, kaka."

"Mashine haikutambui. Pumzisha mikono wiki mbili, paka mafuta, kisha urudi."

Wiki mbili bila kufua. Watoto wale nini hizo wiki mbili, alama za vidole? Hayo niliyasema moyoni. Kwa sauti nilisema, "Ahsante, kaka." Na hiyo ahsante ndiyo iliyoniuma kuliko kicheko.

Sijui ilikuwa saa ngapi nilipotoka. Bibi alinishika mkono nikipita, hakusema neno.

Nyumba ya pili nilitegemewa saa saba. Nilifika jua limeshalegea, nikaambiwa watu kama sisi tunabembelezwa na kazi halafu tunaichezea, na kwamba leo nitapata nusu. Nikajikaza kisabuni, nikafua. Suruali za jinzi, soksi za watoto, pazia ambalo halikuwa kwenye makubaliano. Sikumbuki kusuuza. Nakumbuka mgongo tu, na kwamba niliwaza nikipiga magoti badala ya kuinama utapona, nikapiga magoti, haukupona.

Kiza kilinikuta njiani. Nyumba ya tatu kabla ya kwetu kulikuwa na sherehe, taa na viti mpaka barabarani. Wote tunajuana. Huu mwaka wa pili sipati mialiko ya mtaa huu. Hakuna aliyenikataza kwenda. Ni kwamba mara ya mwisho sikuwa na zawadi, mara ya kabla yake pia, na watu kwa huruma zao wakaona wasinitie aibu. Ndivyo mtu anavyofutika, kidogo kidogo, kwa adabu kabisa. Nikapita upande wa giza, na wao wakafanya hawakuniona.

Nyumbani wadogo walikuwa wameshalala. Binti alikuwa ameosha vyombo na kunisubiri.

"Mama, wametoa barua?"

"Bado. Vidole vyangu havisomeki."

Akavitazama kwenye mwanga. Akaleta kikopo cha mafuta kilichobaki chini chini, akakikwangua, akanipaka kimoja kimoja, taratibu, akigeuza kila ncha huku na huku kuona kama mistari imerudi. Sikumbuki mara ya mwisho mtu kunishika mikono hivyo. Nilisinzia nikiwa nimekaa.

"Mama."

"Abee, mwanangu."

"Leo aliyekaa nami amehamia dawati jingine. Amesema nanuka moshi."

Sketi alikuwa ameshaivua, ameikunja vizuri magotini pake. Nikainuka, nikaenda kuteka maji ya mwisho kwenye ndoo, nikamimina kwenye beseni. Akaniambia basi nisifue, mafuta yatatoka. Nikamwambia alale.

Nilipoingiza mikono, mafuta yote yakaelea juu ya maji, madogo madogo, yanang'aa.