Kumtafuta Babu wa Wanangu Uholanzi

Wanangu wana babu mkuu upande wa baba yao aliyepanda meli karne ya 18 asirudi. Ukoo wa mume wangu ulijua hilo tu: alitoka Walcheren, katika jimbo la Zeeland, kusini-magharibi mwa Uholanzi, akaenda India Mashariki, kama Wazungu walivyoziita nchi za Asia ya mbali. Nikafunga safari kumtafuta, maana wanangu ni damu yake.

Serikali ya Uholanzi ilianza kuandikisha vizazi na vifo karibu nchi nzima mwaka 1811. Kabla ya hapo unategemea vitabu vya kanisa, na vingi vya Walcheren viliteketea Mei 1940, mji wa huko wa Middelburg ulipoungua vitani. Kwa hiyo nilianzia The Hague, kwenye Nyaraka za Taifa, jirani kabisa na stesheni kuu. Humo yamo madaftari ya mishahara ya VOC, Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki, iliyofanya biashara na Asia tangu 1602 hadi 1799. Siku hizi unayasoma kwenye kompyuta.

Nikampata! Kurasa mbili zinatazamana: huku anachodaiwa, huku anachodai. Askari, gulden 9, fedha ya Uholanzi ya wakati huo, kwa mwezi. Meli haijang'oa nanga, tayari ana madeni: mshahara wa miezi miwili aliotangulia kuuchukua, sanduku la nguo, na hati ya deni la yule aliyemlaza na kumlisha akisubiri safari. Chini yake mstari mmoja: mshahara wa miezi 3 kila mwaka apewe mama yake. Hapo machozi yalinitoka. Mimi mwenyewe natuma hela Tanga kila mwisho wa mwezi. Alifia Batavia, Jakarta ya leo; salio lake akalipwa mama huyohuyo.

Siwezi kumpenda babu huyu nikaificha Kampuni. Ilituma meli Madagaska, na baadaye hadi Unguja, kununua watu wa kufanywa watumwa Rasi ya Tumaini Jema. Wanangu nitawasimulia yote mawili.

Kutoka The Hague nilipanda treni hadi Vlissingen, nikaazima baiskeli mpaka Rammekens, ngome ya 1547 ambayo meli za Zeeland zilikuwa zikitia nanga karibu yake zikingoja upepo. Maji yalikuwa yamekupwa, tope jeusi linang'aa, na meli za makontena zikipita kwenda Antwerp. Pale pale ukutani nikampigia mama mkwe, nikamtajia jina la mama wa yule askari, herufi kwa herufi, aliandike kwenye mti wa ukoo. La mwanawe lilikuwepo siku zote. La mama halikuwahi kuandikwa.