Sindano za kupunguza uzito: dozi haipandishwi kwa pupa

Anayeanza semaglutaidi kwa ajili ya uzito hupewa mg 0.25 mara moja kwa wiki, kwa wiki nne. Dozi hiyo ni ya kulizoesha tumbo tu. Mizani inaweza isisogee, na hapo ndipo watu huanza kumbana daktari awaongezee, au huongeza wenyewe kimyakimya.

Tatizo liko hivi. Utumbo hutoa homoni ya GLP-1 kila tunapokula. Homoni hiyo huujulisha ubongo kwamba shibe imefika na hulichelewesha tumbo kushusha chakula. Ile ya asili huvunjwa ndani ya dakika chache. Semaglutaidi huiga homoni hiyo, ila imeundwa isivunjike upesi: baada ya wiki nzima, karibu nusu ya ulichochoma bado imo mwilini. Sindano ya pili inakuta nusu ya ile ya kwanza, ya tatu inakuta mabaki ya mbili zilizotangulia, na kiwango kwenye damu kinazidi kupanda hadi wiki ya nne au ya tano ingawa dozi ni ileile. Anayeongeza wiki ya pili anaongeza juu ya kitu ambacho bado kinapanda. Akianza kutapika, hakuna dawa ya kuitoa semaglutaidi mwilini. Atatibiwa dalili huku akisubiri ipungue yenyewe.

Ndiyo maana ngazi za Wegovy (semaglutaidi ya kupunguza uzito) ni mg 0.25, 0.5, 1, 1.7, kisha 2.4, na kila ngazi ni wiki nne. Tirzepataidi, sindano nyingine ya uzito (Mounjaro, na Zepbound kule Marekani), huanza na mg 2.5 na kupanda kwa 2.5 kila baada ya wiki nne au zaidi, mwisho 15. Kichefuchefu kikiwa bado kinakusumbua wiki ya nne, usipande. Kaa hapohapo wiki nne nyingine, au daktari akushushe. Tena si lazima kila mtu afike juu. Anayepungua vizuri kwenye mg 1 hana sababu ya kukimbilia 2.4.

Kwenye vichupa, ambako unavuta dawa mwenyewe kwa bomba la insulini, kosa ni rahisi kuliko kwenye kalamu ya sindano, ambayo dawa imo ndani tayari. Bomba la uniti 100 lina ml 1, kwa hiyo uniti 10 ni ml 0.1. Kichupa kikiandikwa mg 2.5 kwa ml, dozi ya mg 0.25 ni uniti 10. Kikiandikwa mg 5 kwa ml, dozi ileile ni uniti 5. Sasa mtu anasoma “0.25”, anavuta hadi alama ya 25 kwenye kichupa cha mg 5: amejichoma mg 1.25, mara tano ya dozi yake. Mwaka 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu makosa ya aina hii, na baadhi ya watu walilazwa hospitali. Mwambie anayekupa dawa aandike mg, ml na uniti kwenye karatasi moja. Akishindwa, usichome.

Kalamu bandia nazo zipo. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitahadharisha kuhusu Ozempic (semaglutaidi ya kisukari) bandia zilizokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Nyingine huwa na insulini ndani, na hiyo hushusha sukari hadi mtu kuzimia. Dawa inayouzwa na mtu wa mtandaoni, bila cheti cha daktari na bila friji, achana nayo.

Daktari atakupima kwanza. Kwa kawaida dawa hupewa mwenye BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) ya 30 na kuendelea, au 27 akiwa na presha, kisukari au tatizo jingine linalotokana na uzito. Kilo 92 kwa urefu wa mita 1.65 ni BMI ya karibu 34. Haipewi aliyewahi kuugua, au mwenye ndugu wa damu aliyeugua, saratani ya tezi ya thairoidi aina ya medula. Haipewi mjamzito, na anayepanga mimba huacha semaglutaidi angalau miezi miwili kabla. Anayetumia vidonge vya majira na akaanza tirzepataidi aongeze kondomu wiki nne za mwanzo, na wiki nne kila dozi inapopanda. Anayemeza glibenklamaidi, dawa ya kisukari, au kuchoma insulini huenda akahitaji kupunguziwa dozi hizo, la sivyo sukari inaweza kuporomoka. Ukipangiwa upasuaji, waambie mapema kabla ya nusu kaputi, kwa sababu tumbo linaweza kuwa na chakula hata kama hujala tangu jana.

Kalamu hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na sehemu ya barafu. Ikiganda, tupa, hata kama imeyeyuka na inaonekana safi. Mombasa au Dar mwezi wa Februari, chumba bila kiyoyozi huvuka nyuzi 30 mchana, na hapo maelezo ya “inaweza kukaa nje” hayakuhusu tena. Choma tumboni, pajani au mkono wa juu, ukibadilisha sehemu kila wiki. Kwenye Ozempic shikilia kitufe, namba ikifika sifuri hesabu hadi sita ndipo uchomoe.

Ugali sahani nzima ulioliwa haraka unaweza kurudi. Chipsi na nyama za mafuta huleta mibeuo yenye harufu ya yai viza. Kula kidogo, na anza na protini, maana kwenye STEP 1, utafiti wa semaglutaidi kwa uzito, kwa waliopimwa mwili, karibu asilimia 40 ya uzito uliopotea haikuwa mafuta, na misuli ni sehemu ya hiyo. Yai moja lina gramu 6 hivi za protini. Dagaa, maharage na mtindi vitajazia. Nyanyua vitu vizito mara mbili kwa wiki.

Maumivu makali ya tumbo yanayosambaa hadi mgongoni, macho ya njano, au kushindwa kubakiza hata maji kwa siku nzima: usisubiri kliniki ya mwezi ujao, nenda hospitali leo.

Jambo la pesa liamuliwe kabla ya sindano ya kwanza, maana ukiishiwa na kuacha, uzito hurudi. Walioacha semaglutaidi baada ya STEP 1 walirudisha theluthi mbili ya uzito waliopunguza ndani ya mwaka mmoja. Ukisahau sindano ya Wegovy na zimebaki zaidi ya siku mbili kufikia inayofuata, choma. Zikiwa pungufu, ruka. Ukikosa wiki mbili mfululizo au zaidi, mpigie daktari kabla ya kugusa kalamu ya 2.4: tumbo linaweza kuwa limeshasahau, na huenda akakurudisha ngazi ya chini.